Udongo wa Shimo la Saba

Mwanangu Milembe,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi pale stendi ya Nyegezi, kwa hiyo hapa sitaziandika. Umekwenda kwa jirani kunyolewa nywele za shule, na bibi yako amekufuata ili ahakikishe hubakizi kishungi. Nina kama saa moja. Mambo ya kufua soksi, kufunga tranka na kutokula vya kupewa njiani ameshayasema bibi, na atayasema tena mpaka basi lipite Usagara. Mimi nina jambo moja tu, na nalisema hapa juu kabisa kwa sababu nikianza kuzunguka sitalifikia.

Ulipokuwa na miaka mitano ulikula udongo wenye sumu. Niliuleta mimi nyumbani. Nilipogundua, nilificha, na kwa kuficha kwangu watu wengine wamekula na kunywa sumu hiyohiyo kwa miaka minane.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa mkataba wa miezi mitatu katika ofisi ya mazingira, nikiomba kila siku waniajiri moja kwa moja. Mimi ni mwoga, Milembe. Nyoka siwaogopi wala giza siliogopi. Namwogopa mtu mwenye faili mkononi anayeniita kwa jina langu kamili. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa sababu niliogopa kuwa wa pili, na kazini nilikuwa makini kwa sababu hiyohiyo. Watu waliona umakini wakausifu. Hofu iliyokuwa chini yake hawakuiona.

Kando ya ziwa, nyuma ya yale mawe makubwa ukishavuka reli, palikuwa na kiwanda cha kupaka dawa nguzo za umeme. Nguzo zililoweshwa kwenye dawa ya kuua mchwa, zikatoka zina rangi ya kijani. Ndani ya dawa hiyo mlikuwa na aseniki. Kiwanda kilifungwa kabla sijaanza darasa la kwanza, lakini nyumba za wafanyakazi zilibaki, zile wanazoziita kota, na familia nyingi zimeendelea kuishi humo. Wafanyakazi wa zamani walikuwa wakiosha mapipa na nguo zao mabafuni, na maji yote yaliingia kwenye karo, yaani lile tangi la kujengwa chini ya ardhi linalopokea maji ya vyoo na bafu. Ofisi ilitaka kujua kama sumu imevuja kutoka humo ikaingia kwenye udongo.

Mtaalamu wetu alikuwa Bwana Kaijage. Yeye alipima, vibarua walichimba, mimi niliandika lebo. Ramani yake ilionyesha karo moja. Siku ya pili alikuja mlinzi wa eneo, Mzee Lutema, ambaye zamani alikuwa fundi mwashi wa kiwanda hichohicho.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba binti. Huyo bwana mkubwa wako anachokonoa nini na hicho chuma?"

"Anatafuta mwisho wa karo, mzee."

"Karo la kwanza au la pili?"

Bwana Kaijage akainua kichwa. "Kwani yapo mawili?"

"Ramani yako ilichorwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Mimi nilibeba matofali. La pili liko kule kwenye mchicha. Hujiulizi kwa nini mchicha wa kule unaota hata ukiutukana?"

Mwenye mchicha alikuwa palepale ameinama anapalilia. Ni Mama Anyesi, mkazi wa kota, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza amefiwa na mumewe. Akajibu bila hata kuinuka, "Unaota kwa sababu mwenyewe si mvivu kama wewe, mzee. Njoo ushike jembe uone." Tukacheka wote, hata Bwana Kaijage, ambaye hacheki ovyo.

Tulichimba mashimo kumi na mawili. La saba, la pekee upande huo, lilikuwa mteremkoni, chini ya karo la pili, hatua chache kutoka kwenye kisima ambacho wanawake wa kota walichota maji. Udongo wake ulitoka mweusi, laini, una unyevu, na haukunuka kitu chochote. Nimejiuliza mara nyingi, je, kama ungenuka?

Kabla ya kupelekwa maabara Dar es Salaam, udongo ulitakiwa kukauka kivulini kwa siku tatu. Stoo ya ofisi ilikuwa inavuja na mvua za masika zilikuwa zimekolea. Bwana Kaijage alikuwa amesafiri, akaniachia maagizo: uanikwe, usichanganyike, usiguswe. Niliogopa kumpigia simu kumwambia stoo inavuja, asije akaona nashindwa na jambo dogo. Nikafanya lile ambalo mtu yeyote wa nyumba yetu angelifanya. Nikaupeleka kwa mtu anayejua kuanika udongo kuliko maabara yote.

Unaijua kazi ya bibi yako. Udongo wa kula ndio uliokulea, na mimi ulinilea kabla yako. Unajua anavyoleta ule mweupe kutoka Misungwi, anavyoukanda, anavyouviringa kama vidole na kuuanika kwenye nyungo pale barazani, na wajawazito wanavyoufuata mpaka mlangoni. Wewe ulijifunza kutembea ukiwa umeshika kingo za nyungo hizo. Kwa hiyo nilipofika na mifuko yangu kumi na miwili, bibi hakushangaa. "Leta huku," akasema. "Daktari wa kuanika ni mimi." Akanipa nyungo zake, tukazipanga, na kila ungo nikauwekea lebo. Nilimkataza bibi asiuguse. Nilimweleza una dawa ya kiwanda.

Wewe sikukukataza.

Hapo nimerudi mara nyingi sana. Najitetea kwamba hukuwa unasoma lebo. Lakini ni nani wa kumwambia mtoto wa miaka mitano asile udongo, ndani ya nyumba ambayo bibi yake humpa kipande kila akimaliza uji? Mimi. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua mambo yote mawili kwa pamoja, udongo ule una nini na wewe una desturi gani, na sikuyaweka mahali pamoja.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakukuta umepiga magoti barazani. Ungo wa shimo la saba ulikuwa umeinama upande mmoja. Ulikuwa unacheza kupika. Nusu ya udongo ilikuwa kwenye vifuniko vya chupa, mwingine umeuchanganya na maji chini, na midomo yako ilikuwa myeusi.

"Umekula?"

"Nimeonja."

"Kiasi gani?"

Ukanionyesha kiganja chote. "Siyo mtamu kama wa bibi," ukasema. Kisha ukaniangalia usoni ukauliza, "Nimekosea?"

Nilikusukutua, nikakutia kidole kooni ukatapika kidogo, nikakunywesha maziwa. Bibi akatoka ndani mbio. "Unamfanya nini mtoto?"

"Amekula udongo wa ofisi, mama."

"Udongo ni udongo. Mimi nimekula tangu mimba yako, na mbona umekuwa karani?"

Alisema hivyo ili kunituliza. Na mimi nilitulia, kwa sababu nilitaka sana kutulia. Hospitali ilikuwa nusu saa kwa miguu. Sikukupeleka. Nilijua swali la kwanza la daktari lingekuwa amekula wapi, na la pili ni nani aliyeuleta nyumbani. Nililiogopa swali la pili kuliko sumu iliyokuwa tumboni mwako. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Ibaki.

Usiku huo ulilala vizuri. Asubuhi ukaomba uji. Mimi nikabaki na ungo. Mfuko wa maabara ulikuwa na mstari mwekundu na ulitakiwa kujaa mpaka hapo, na kilichobaki kwenye ungo hakikujaza kikombe. Bwana Kaijage alikuwa anarudi siku hiyo. Nikachukua udongo wa bibi, nikautwanga, nikauchanganya na ule uliobaki. Ulionekana mweupe mno. Nikaongeza vumbi la mkaa mpaka ukafanana.

Usije ukanitetea kwa watu kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hakumbuki kuongeza mkaa.

Majibu yaliporudi, kuzunguka karo la kwanza palikutwa sumu nyingi. Shimo la saba lilikutwa karibu safi. Bwana Kaijage alishangaa kidogo, akaigusagusa karatasi kwa kalamu, halafu akaendelea na ukurasa mwingine. Ripoti niliichapa mimi. Niliandika kwamba upande wa karo la pili ni salama kwa makazi, bustani na kisima. Nikaandika pia barua ya kuwajulisha wakazi, fupi, kwa lugha nyepesi. Upande wa kwanza ukawekewa uzio. Upande wa pili ukaachwa. Na mimi nikaajiriwa; kwenye barua ya ajira waliandika kwamba nina umakini wa hali ya juu.

Nilijiambia kwamba huenda shimo la saba lilikuwa safi kweli. Hilo ndilo nililoishi nalo. Udongo ungekuwa na sumu, nilijiambia, Milembe angeugua. Nikakufanya wewe kuwa maabara yangu. Nilisoma kwamba sumu ile, ikikaa mwilini muda mrefu, hutokea kwenye viganja: ngozi inakuwa ngumu, inatoa vipele vidogo vikavu kama punje za mtama. Kwa hiyo kila Jumapili nilikukata kucha. Ulifikiri ni mapenzi, na mapenzi yalikuwemo, lakini kwanza nilikuwa nageuza viganja vyako kwenye mwanga. Mwaka jana ulinivuta mkono ukasema, "Mama, mbona unanikagua kama kuku wa kuuza?" Nilicheka na wewe. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka ukaniita.

Viganja vyako ni visafi, mwanangu. Mpaka leo ni visafi.

Wiki tatu zilizopita Mama Anyesi alikuja ofisini. Alikuwa anataka kuandikiwa barua ya kuomba rufaa ya hospitali kubwa, na huko kota wanasema mimi naandika vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Mikono inaniwasha, haishiki jembe vizuri. Na mguu huu unachoma kama umekanyaga makaa. Hebu tazama."

Akaweka mikono yake juu ya meza yangu, viganja juu. Vyote viwili, kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo, vilikuwa na zile punje. Nilikuwa nimezitafuta kwako kila Jumapili kwa miaka minane, na zilikuwa zimeota kwake.

"Maji mnachota wapi siku hizi, mama?" Sijui kwa nini niliuliza. Nilijua.

"Si palepale kisimani. Ya bomba yanakuja yakipenda. Kile ni salama, si ninyi mlituandikia? Ile barua yako tulitoa kopi, kila nyumba ikabandika ukutani. Kwangu bado ipo, imeanza kuwa njano. Wageni wakiogopa kunywa maji nawaonyesha."

Nilimwandikia rufaa yake. Niliandika mara tatu kwa sababu nilikuwa nakosea maneno, naye akanitania kwamba labda na mimi nimeanza kuwashwa. Akaondoka akiniombea baraka.

Hata baada ya hapo nilikaa siku nane bila kusema. Nataka uijue idadi hiyo. Nilikuwa nimeviona viganja vyake, nikala, nikalala, nikaenda kazini siku nane, na nyumbani kwake walikuwa wanachota maji asubuhi na jioni.

Siku ya tisa niliingia ofisini kwa Bwana Kaijage nikafunga mlango. Nilimweleza yote, hata mkaa. Alivua miwani.

"Veronika, unajua unachokisema?"

"Najua."

"Mtoto alimwaga udongo. Ndiyo hivyo tu? Mtoto alimwaga udongo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia siku ile? Tungerudi tukachimba upya palepale pembeni. Ingetuchukua nusu siku." Alirudia hilo la nusu siku, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hakitoshi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Milembe, nimekuwa nikijiuliza kama kuna kitu cha kukupa kutokana na haya yote, maana mzazi hutakiwa kutoa kitu. Mambo makubwa sinayo. Ninachokijua ni kwamba miaka yote hiyo niliogopa hasira ya Bwana Kaijage, na hasira yenyewe niliitunga mwenyewe kichwani. Nilimpa sauti, nikampa maneno, nikamkimbia mtu ambaye hakuwepo. Wewe una hofu yangu. Niliiona ulipovunja kioo cha dirisha la darasani, ukanyamaza wiki nzima mpaka homa ikakushika. Huko uendako utavunja vitu. Nenda siku hiyohiyo, hata ukiwa unalia, hata maneno yakikupotea. Na ukishindwa siku hiyo nenda kesho yake, usije ukajiambia muda umepita. Mimi nilijiambia hivyo kila mwaka.

Sasa sehemu yako. Unakumbuka tulivyokwenda hospitali kwa ajili ya fomu ya afya ya shule, ukaniuliza mbona daktari ameniita peke yangu? Nilimweleza ulichokula. Amesema moyo, damu na mkojo wako havina tatizo lolote. Amesema pia kwamba kiganja kimoja, mara moja, kwa mtoto aliyetapika, huenda hakikuacha kitu. Nikamuuliza kama anaweza kuwa na hakika. Akasema, "Mama, kwa jambo la miaka minane iliyopita sina kipimo cha kunipa jibu hilo. Siku ile kingekuwepo." Kwa hiyo sijui, na sitajua. Nilikunyang'anya jibu hilo siku nilipoamua kutotembea nusu saa.

Ndiyo maana barua hii si siri. Ukiona doa au ugumu wowote kwenye viganja au nyayo, hata ukiwa mtu mzima, hata nikiwa sipo, mwambie daktari bila kificho: nilipokuwa na miaka mitano nilikula udongo wenye aseniki. Usipunguze maneno ili kunilinda. Hiyo ni habari ya mwili wako.

Bibi yako nilimweleza juzi. Aliniuliza ule udongo wake niliuchukua kwenye ungo upi. Nikamwonyesha. Akautoa ungo huo nje akauvunja vipande, na tangu hapo hajakanda udongo. Umeuliza mara mbili kwa nini hakandi. Usimuulize tena; ukirudi likizo kaa naye tu.

Na kuna uongo mdogo wa kufuta. Nilikuambia niko likizo. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, na sijui utaishaje. Nafasi yako ya shule iko salama, hilo usilibebe. Lakini yaweza kufika siku mtu kutoka Mwanza akakuuliza kama wewe ni binti wa yule karani. Sema ndiyo.

Kisima kimefungwa kwa mnyororo tangu wiki iliyopita, na vijana wa Bwana Kaijage wamechimba upya kuzunguka karo la pili. Wakazi wameambiwa ni matengenezo. Viganja vya Mama Anyesi vimepigwa picha na daktari, lakini kwake hakuna aliyekwenda kumwambia punje zile zimetokana na nini. Bwana Kaijage amenishauri nisiende. "Waachie viongozi, wana namna yao ya kusema," anasema. Inawezekana yuko sahihi. Naogopa vilevile.

Nitakwenda kesho, basi lako likishaondoka. Nimeichagua kesho ili uwe mbali, na huo nao ni woga, lakini ni wa mwisho nitakaouruhusu katika jambo hili. Nitapita nyumba moja baada ya nyingine nikiwaomba wanirudishie ile karatasi ya ukutani, na kila mlango nitasema ni kwa nini. Nitaanza kwa Mama Anyesi. Nitamwamkia. Nitamwambia kwamba udongo uliopimwa haukuwa wa pale, kwamba niliubadilisha kwa mikono yangu nikijua ninachofanya. Akinikaribisha nitakaa. Akinifungia mlango, nitasimama nje niseme kwa sauti mpaka nimalize, awe amenisikia.

Mimi mama yako,
Veronika